Kwa nini chungu hupasuka: mwongozo kamili wa kukausha na kuchoma udongo

Chungu kinachopasuka motoni mara nyingi kilikwisha kuumia siku kadhaa nyuma, kikiwa bado bandani, pale upande mmoja ulipokauka mapema kuliko mwingine. Moto ulikuja kuonyesha tu. Ndiyo maana mfinyanzi anayehangaika na kuni peke yake, leo anajaribu kuni hizi, kesho zile, anaweza kumaliza msimu mzima na hasara isipungue.

Mwongozo huu ni wa anayefinyanga kwa mkono au kwa gurudumu, na anayechoma kwa moto wa wazi au kwenye tanuri dogo: vyungu vya kupikia, mitungi, vyetezo, vyungu vya maua, hata ile sehemu ya udongo iliyo ndani ya jiko la mkaa. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: kinachopasua udongo ni tofauti. Sehemu moja ikisinyaa na jirani yake haijasinyaa, au moja ikipanuka na nyingine imetulia, udongo huvutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Udongo huvumilia kukandamizwa, lakini kuvutwa hauwezi. Hatua zote zilizo hapa chini zina lengo moja, kupunguza tofauti hiyo.

Maji ya aina tatu

Udongo wa mfinyanzi ni chembe bapa ndogo mno, zimelaliana, na kati ya chembe na chembe kuna utando wa maji. Ni kama vipande viwili vya kioo vilivyolowa: vinateleza kirahisi kimoja juu ya kingine, ila kuvibandua ni kazi. Utando huo ndio unaoufanya udongo ukubali umbo unaloupa na kubaki nalo.

Maji hayo ya utando ndiyo hutangulia kutoka. Yakitoka, chembe husogeleana kuziba nafasi iliyoachwa, na chungu husinyaa. Udongo mwingi wa kufinyangia husinyaa kati ya asilimia 5 na 8 ya urefu wake, na ule unaonata sana hufika 10 na kupita. Chukua mtungi wa sentimita 40 kwenda juu: kwa asilimia 8 utapungua sentimita 3.2 kabla hujauwashia hata kijiti. Mtungi mzima ukipungua kwa pamoja, hakuna tatizo. Mdomo ukipungua leo na kitako kesho kutwa, lazima kitu kiachie.

Kisha hufika wakati chembe zimegusana. Maji yaliyobaki yamo kwenye vitundu kati yake, na yanapotoka hewa huchukua nafasi yake bila chembe kusogea tena. Chungu huacha kusinyaa, au husinyaa kidogo sana usichoweza kukiona, na rangi yake huanza kupauka. Huu ndio mpaka muhimu kuliko yote katika kazi hii. Kabla yake haraka ni hatari. Baada yake, jua kali halina madhara makubwa.

Maji ya tatu ni sehemu ya chembe zenyewe. Jua haliyafikii kamwe. Hutoka motoni, takriban kati ya nyuzi joto 450 na 600 za sentigredi, na yakishatoka udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukiuloweka mwaka mzima. Hapo ndipo unapokuwa chungu kweli.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla ya kuuamini

Udongo unaong'aa, laini kama siagi, unaojipinda bila kukatika, humvutia sana anayeanza. Ndio huo huo unaokunywa maji mengi na kusinyaa kupita kiasi. Mfano wa mbali zaidi ni udongo mweusi wa mbugani, ule unaotutega matope masika na kuacha mianya ya kuingiza mkono kiangazi. Wenyewe peke yake haufai kwa chungu, hata ukiufinyanga kwa uangalifu gani.

Kipimo ni rahisi. Kanda udongo mpaka uwe tayari kwa kufinyanga, kisha tengeneza bamba la urefu wa sentimita 14, upana wa 4, unene wa 1. Kwa ncha ya kisu, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili. Liache likauke kivulini, ukiligeuza mara mbili kwa siku lisijikunje. Likishakauka kabisa, pima mstari upya. Ukiukuta sentimita 9.4, udongo wako umesinyaa asilimia 6, na unaweza kuufanyia kazi kwa utulivu. Ukiukuta 9.2, unahitaji kuuchanganya na kitu kingine kwa vyungu vikubwa. Ukiukuta chini ya 9, usiutumie bila mchanganyiko hata kwa kikombe.

Angalia pia kama kuna vipande vyeupe vya chokaa, konokono au makombe. Pwani hili ni jambo la kawaida, kwa sababu udongo wenyewe umekaa juu ya matumbawe. Nitalirudia huko mbele, maana chokaa hupasua chungu baada ya kazi kwisha.

Hatua ya 2: Utie udongo mfupa

Kinachopunguza kusinyaa ni kuongeza kitu kisichosinyaa. Kizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni unga wa vigae: vyungu vilivyochomwa vikavunjika, ukavitwanga na kuvichekecha kwa chekeche lenye matundu ya milimita 1 hadi 2. Vigae vimekwisha kusinyaa na kuchomwa, havina mshangao tena. Kona zake zina makali, hivyo hushikana vizuri na udongo kuliko punje za mviringo za mtoni. Na vitundu vyake vinaupa mvuke njia ya kutokea.

Anza na kipimo kimoja cha vigae kwa vipimo vitano vya udongo, vyote vikiwa vikavu. Kwa chungu cha kupikia au mtungi mkubwa unaweza kufika kimoja kwa vitatu. Ukizidisha, udongo unakatika ukiukunja na chungu kinakuwa dhaifu. Usikisie: tengeneza mabamba matatu yenye mchanganyiko tofauti, yaandike namba, yapime kama ulivyopima la kwanza.

Mchanga wa mtoni unafaa ukikosa vigae. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi na makombe. Makapi ya mpunga na samadi kavu iliyosagwa husaidia kwa njia nyingine: huungua ndani ya chungu na kuacha vitundu. Ila vinadai moto wa taratibu, la sivyo katikati ya ukuta wa chungu hubaki rangi nyeusi ya kaboni ambayo haikupata hewa ya kuungua.

Hatua ya 3: Finyanga ukijua kitakauka

Wafinyanzi wengi hufundishwa kwamba kiputo cha hewa ndani ya udongo ndicho kinacholipuka motoni. Hewa peke yake haina nguvu hiyo. Kinacholipuka ni maji yaliyogeuka mvuke, na kiputo huwa na hatari pale tu udongo unaokizunguka ukiwa na unyevu. Kukanda bado ni kwa lazima, lakini faida yake kubwa ni kusambaza maji na vigae sawasawa, pasiwe na bonge gumu hapa na laini pale. Bonge laini litasinyaa zaidi ya jirani yake, na ufa utapita mpakani.

Unene wa ukuta ni muhimu, na usawa wa unene ni muhimu zaidi. Ukuta ukiwa mnene mara mbili, kukauka kwake kunaweza kuchukua karibu mara nne ya muda. Kwa hiyo chungu chenye mdomo wa milimita 5 na kitako cha milimita 15 kimejengewa ufa tangu siku ya kwanza. Choma kitako kwa sindano uone unene wake halisi, kwa kuwa hapo ndipo mkono hudanganya. Kikikakamaa, kikwangue kwa nje mpaka kilingane na ukuta.

Kitako kikandamize sana. Anayetumia gurudumu hasa, apitishe vidole kutoka ukingoni kuelekea katikati na kurudi mara kadhaa, chembe zishikamane. Ule ufa wa katikati ya kitako uliojipinda kama herufi S huwapata wanaoharakisha hapa, na wanaoacha maji yatuame ndani ya chungu.

Kwa anayejenga kwa mikanda ya udongo, kata michirizi pande zote mbili za kiungo, paka uji mzito wa udongo ule ule, kisha shindilia na kusugua mpaka alama ya kiungo ipotee ndani na nje. Ukilazimika kulala kabla ya kumaliza, funika ule ukingo wa juu kwa kitambaa chenye unyevu usikauke usiku. Mishikio nayo: ibandike wakati mshikio na chungu vina unyevu unaolingana. Mshikio mbichi juu ya chungu kilichokakamaa utasinyaa peke yake, na utajing'oa peke yake.

Hatua ya 4: Kukausha

Hapa ndipo pa kutumia subira yako yote. Chungu hukauka kwanza pale hewa inapopita: mdomoni, kwenye mishikio, kwenye kingo nyembamba. Kitako huja mwisho, kimekalia ubao na hakioni upepo. Upepo ni adui mbaya kuliko jua, kwa sababu jua unaliona na kulikwepa, ila upepo hupiga upande mmoja tu wa chungu huku ukidhani umekiweka kivulini salama. Nyanda kavu kama za Dodoma na Singida, upepo wa kiangazi unaweza kupasua chungu kilicho ndani ya nyumba yenye dirisha wazi.

Siku ya kwanza weka chungu juu ya kitu kitakachokiruhusu kuteleza kinaposinyaa: majivu, mchanga mkavu uliochekechwa, au magazeti yaliyokunjwa. Kikigandamana na ubao, kitako hakitaweza kupungua na kitapasuka kwa kushikiliwa. Funika kwa karatasi ya nailoni bila kuibana, au kwa majani ya mgomba na gunia. Kazi ya kifuniko ni kuufanya unyevu uzunguke ndani na kusawazisha, yaani kuchelewesha mdomo ili kitako kiufikie.

Mdomo ukiwa mgumu wa kutosha kubeba uzito bila kuharibika, pindua chungu kikalie mdomo. Sasa kitako ndicho kinachopata hewa. Kwa mitungi mizito, badala ya kupindua, kiweke kwenye kichanja cha fito ili hewa ipite chini, na uendelee kuufunika mdomo peke yake. Mishikio izungushie kitambaa chenye unyevu kidogo au vipande vya nailoni.

Kila siku geuza chungu robo ya mzunguko. Fungua kifuniko kidogo zaidi kila siku. Usifunue ghafla kwa sababu tu mteja anasubiri. Kikombe huweza kumaliza sehemu hii kwa siku mbili au tatu, mtungi wa maji kwa wiki na zaidi, na hali ya hewa ndiyo inayoamua. Unyevu wa hewa, ambao watu huulalamikia, katika kipindi hiki ni msaada. Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ambao vyungu vya wanawake wao wa Ikombe huuzwa soko la Lyulilo pale Matema na kusafiri hadi Mbeya na mbele zaidi, wanaishi katika mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Hewa nzito huwakaushia taratibu kile ambacho hewa kavu ingekipasua. Kazi ngumu kwao na kwa watu wa pwani huja baadaye, katika kumalizia.

Rangi ikishapauka sawasawa chungu kizima, ndani na nje, umevuka ule mpaka. Fungua kila kitu, kitoe juani, kigeuzegeuze. Maji yaliyobaki na yatoke haraka yapendavyo.

Hatua ya 5: Hakikisha kimekauka kweli

Chungu kinaweza kuonekana kikavu na bado kina maji ya kutosha kukilipua. Weka sehemu nene ya chungu, yaani kitako, kwenye shavu lako. Ukisikia ubaridi, maji bado yanatoka. Kwa uhakika zaidi tumia mizani: pima chungu asubuhi, andika uzito, pima kesho yake saa ile ile. Kikiacha kupungua, kimefika mwisho wa kile hewa ya hapo inachoweza kutoa.

Nasema "hewa ya hapo" kwa makusudi. Msimu wa mvua, au pwani siku zote, chungu kilichotoka juani jioni hunywa unyevu usiku kucha. Kwa hiyo kukauka kwa wiki iliyopita si hoja. Siku ya kuchoma, kianike tena tangu asubuhi, na hatua inayofuata usiiruke hata kama unaona mizani imetulia.

Hatua ya 6: Kupasha joto kabla ya moto wenyewe

Maji yakigeuka mvuke, ujazo wake huongezeka takriban mara 1,600. Ukuta wa chungu ukifika nyuzi joto 100 haraka huku ndani yake kuna maji, mvuke huo hauna pa kupitia, na hujitengenezea njia kwa kurusha bamba la udongo. Chungu kimoja kikilipuka hivyo hupiga na kuvunja vya jirani.

Kwa moto wa wazi, panga vyungu kwenye duara kuzunguka moto mdogo, midomo ikitazama moto, kwa umbali ambao mkono wako unaweza kuvumilia. Vigeuze mara kwa mara. Polepole visogeze. Ndani ya mitungi mikubwa weka makaa machache au magunzi yanayofuka, ili ukuta upate joto pande zote mbili. Saa moja au mbili kwa vyungu vidogo, nusu siku kwa vikubwa. Usiendelee mpaka chungu kiwe cha moto kiasi cha kushindwa kushikika bila kitambaa, kitako nacho.

Kwa tanuri, acha mlango wazi kidogo, weka moto mdogo kabisa, na usivuke nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Shika kipande cha kioo kikavu na baridi mbele ya tundu la juu kwa sekunde chache. Kikipata ukungu, maji bado yanatoka, subiri. Kikibaki safi, endelea. Kipimo hiki hakina gharama na kinaokoa vyungu vingi.

Hatua ya 7: Kuchoma

Chagua siku isiyo na upepo, au choma alfajiri na jioni upepo unapotulia. Tandika vigae vikubwa au mawe makavu chini, ardhi yenyewe ikiwa imekaushwa kwa moto kwanza, maana ardhi yenye unyevu hupeleka mvuke moja kwa moja kwenye kitako cha chungu. Mawe ya mtoni usiyatumie, yanaweza kulipuka. Panga vyungu vikilaliana bila kubanana, vizungushie vipande vya vigae ili ndimi za moto zisivipige moja kwa moja, kisha kuni kavu, mabua, na juu kabisa nyasi au samadi kavu. Tabaka hilo la juu likigeuka majivu hufunika joto na kulisambaza. Usilichokonoe.

Kuni ziwe nyembamba na za kulingana. Gogo moja nene likikolea upande mmoja litapasua chungu kilicho karibu nalo huku kingine hakijaiva.

Joto lina sehemu mbili za kuziheshimu. Ya kwanza ni kati ya nyuzi 450 na 600, wakati maji ya ndani ya chembe yanatoka. Ya pili imo humo humo: kwenye nyuzi 573, madini ya kwatsi, yale magumu yaliyo kwenye mchanga, hubadili mpangilio wake na kupanuka ghafla. Kwenye tanuri lenye kipimajoto, panda nyuzi 100 hivi kwa saa mpaka upite 600, kisha unaweza kuongeza kasi. Kwenye moto wa wazi huna udhibiti huo, na ndiyo sababu udongo wa moto wa wazi lazima uwe na vigae vingi: vitundu na chenga zake huzuia ufa mdogo usisafiri.

Rangi ndiyo kipimajoto cha asiye nacho. Gizani, wekundu hafifu unaoanza kuonekana ni kati ya nyuzi 500 na 600. Wekundu mzito uliokolea ni kama 700 hadi 800, na hapo vyungu vingi vya moto wa wazi vimeiva. Kwa tanuri la kuni unaweza kufika 900 na zaidi.

Hatua ya 8: Kupoa

Zile nyuzi 573 hurudi tena wakati wa kupoa, safari hii kwa kusinyaa ghafla, na chungu sasa ni kigumu, hakina tena ulaini wa kustahimili. Tanuri lisifunguliwe mpaka uweze kuingiza mkono. Kwenye moto wa wazi, acha vyungu ndani ya majivu mpaka vipoe vyenyewe, hata ikibidi kulala.

Wapo wafinyanzi katika sehemu kadhaa za Afrika wanaotoa chungu kikiwa bado chekundu na kukinyunyizia maji yaliyochemshwa na magome. Kinastahimili kwa sababu udongo wao una chenga nyingi na vitundu vingi, na mikono yao imeijua kazi hiyo tangu utotoni. Usiwaige kwa udongo laini wa dukani.

Kusoma ufa

Usitupe chungu kilichopasuka kabla ya kukisoma. Umbo la ufa hukwambia ulikosea hatua ipi.

Ufa mpana mdomoni unaofifia ukishuka ni wa kukausha: mdomo ulitangulia, na mwili wenye unyevu haukuufuata. Ufa wa katikati ya kitako ni kinyume chake, yaani kuta zilikwisha kukauka na kuwa ngumu, kisha kitako kikasinyaa mwisho kikiwa kimezungukwa na kitu kisichosogea. Dawa ya wa kwanza ni kufunika mdomo, dawa ya wa pili ni kupindua mapema na kukandamiza kitako.

Ufa unaozunguka chungu kwa usawa, kama mkanda, umefuata kiungo ambacho hakikushikana. Mtandao wa nyufa nyembamba usoni huonyesha kwamba ngozi ya juu imesinyaa kuliko mwili: ama jua lilikipiga kibichi, ama ulipaka udongo wa rangi unaosinyaa kuliko ule wa chini.

Za motoni zina sura nyingine. Kibamba kilichoruka na kuacha shimo lenye umbo la sahani ni mvuke. Ufa ulioachama, wenye kingo za kukwaruza, ulitokea mapema, joto likipanda, na mara nyingi ulikuwapo tangu bandani ukiwa mwembamba usiouona. Ufa mrefu, mwembamba, wenye kingo kali kama kioo kilichovunjika, ni wa kupoa. Huo wakati mwingine hauonekani kabisa, lakini gonga chungu kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kwa sauti ndefu, chenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa.

Kisha kuna chungu kilichotoka motoni kizuri, na wiki mbili baadaye kinaanza kubanduka vipande vidogo, kila shimo lina doa jeupe ndani. Hiyo ni chokaa. Motoni, karibu nyuzi 800 na kwenda juu, vipande vya makombe na matumbawe hugeuka chokaa hai, kisha huvuta unyevu wa hewa polepole, huvimba na kusukuma udongo. Chekecha udongo wako kwa chekeche la matundu madogo kabla ya kufinyanga. Ikiwa vyungu vimekwisha kuchomwa, vitumbukize kwenye maji mengi mara tu vikipoa, vikolee kabisa. Mara nyingi hilo hupunguza madhara, ingawa si kwa vipande vikubwa.

Kutibu ufa

Udongo uwahi ungali maji. Ufa ukiuona chungu kikiwa bado na unyevu, upanue kwa kisu mpaka mwisho wake, lowesha kingo, shindilia udongo wenye unyevu kama wa chungu, sugua kwa jiwe laini, funika siku nzima unyevu usambae. Kupaka tope juu ya ufa bila kuufungua ni kuuficha tu.

Chungu kilichokauka kabisa kikiwa na ufa, mimi hushauri kisitibiwe. Kivunje, kitumbukize kwenye maji, na udongo utarudi wote. Ukiwa mkavu kabisa hulainika upesi kuliko ukiwa nusu mbichi, kwa hiyo usiuloweke kabla haujakauka. Kilichochomwa na kupasuka, twanga. Hayo ndiyo mazao yako ya unga wa vigae kwa hatua ya pili.

Moto wa jikoni

Chungu cha kupikia hukutana na tofauti ya joto kila siku: kitako kwenye makaa, mdomo hewani. Kabla ya kukitumia mara ya kwanza, kiloweke usiku mmoja, kisha kijaze maji ya wanga, ya kuoshea mchele au uji mwepesi, na ukichemshe kwa moto mdogo kwa muda mrefu. Wanga huingia kwenye vitundu na kuviziba. Baada ya hapo moto uanze mdogo siku zote, chungu kisiwekwe kitupu kwenye makaa, na maji baridi yasimiminwe kwenye chungu kikavu chenye moto. Kikiteremka jikoni, kikalie kata au majani, si sakafu baridi ya saruji.

Jiko la mkaa lenye udongo ndani, kama yale yaliyoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, lina tatizo la ziada: bati la nje hupanuka kwa joto kuliko udongo. Ndiyo maana mafundi hujaza kati yake mchanganyiko laini wa saruji na vemikulaiti (madini mepesi yanayostahimili joto), ambao unashika huku ukiachia nafasi kidogo. Jiko jipya liwashe kwa makaa machache mara mbili tatu za mwanzo, na likiwa la moto usilizime kwa kulimwagia maji. Toa makaa, yazime nje.